Shajara ya mradi: laptopu ya USB-C pekee na meza iliyojaa poti za zamani

Lengo na kanuni

Laptopu ina poti mbili za USB-C na tundu la hedifoni, basi. Mezani kuna projekta ya VGA, skrini ya zamani ya DVI, skrini ya 4K yenye DisplayPort na HDMI, swichi ya mtandao inayosimamiwa kwa poti ya siriali, printa ya utepe yenye poti ya paraleli, diski mbili za IDE na moja ya SATA, kibodi ya PS/2, na kamera ya video ya FireWire. Vyote vinatakiwa vifanye kazi na laptopu hiyo bila kubadilisha kifaa hata kimoja.

Kanuni ya mradi: umbo la plagi halisemi chochote kuhusu kinachopita ndani yake. Kabla ya adapta kuingia kwenye orodha ya manunuzi, kila kifaa kinaandikiwa mambo matatu: ishara ni ya aina gani, inatoka wapi kwenda wapi, na umeme unatoka upande upi. Majibu hayo yanazigawa adapta zote mafungu mawili. Kuna adapta za nyaya tupu, ambazo huhamisha waya kutoka umbo moja kwenda jingine bila kugusa ishara, na kuna adapta za chipu, ambazo hupokea ishara ya aina moja na kuitunga upya kwa aina nyingine. Matatizo mengi yanayoandikwa hapa chini yanatokana na kutumia ya nyaya mahali panapohitaji chipu.

Ukaguzi wa poti za laptopu

Poti zote mbili zinafanana kwa macho, ila hazina uwezo sawa. Kiunganishi cha USB-C kina pini 24, na mtengenezaji halazimiki kuzitumia zote. Mwongozo wa laptopu hii unaonyesha kwamba poti ya kushoto inatoa picha za DisplayPort na inapokea chaji. Ya kulia ni ya data tu. Adapta yoyote ya picha ikichomekwa kulia, skrini itabaki nyeusi, na hakuna draiva ya kuisaidia, kwa sababu kwenye bodi nyaya za picha hazikufikishwa pale. Poti zote mbili zimebandikwa lebo. Ni kazi ya dakika moja inayookoa mtu kubadilisha kebo nzima nzima akitafuta kosa lisilokuwepo.

Kwenye Linux, amri ya `lsusb -t` inaonyesha kila kifaa kimeunganishwa kwa kasi gani: 480M ni USB 2.0, 5000M ni USB 3. Diski inayotakiwa kuwa 5000M ikisomeka 480M, angalia kebo kwanza. Kebo nyingi za USB-C zinazokuja na chaja za simu zina nyaya za USB 2.0 tu.

Umeme kabla ya data

Poti ya USB-C haiachii umeme hovyo. Chanzo husubiri kuona rizista ya kiloohmu 5.1 kwenye pini ya CC (pini ya kutambuana) ya kifaa kilicho upande wa pili, ndipo kinatoa volti 5. Hii inaeleza kisa kinachowachanganya wengi: kifaa kidogo cha bei nafuu chenye tundu la USB-C kinachaji vizuri kwa kebo ya USB-A kwenda USB-C, lakini kwa kebo ya C kwenda C kinakaa kimya kana kwamba kimekufa. Mtengenezaji ameruka rizista mbili. Poti ya USB-A hutoa volti 5 muda wote bila kuuliza, kwa hiyo upungufu huo hauonekani upande ule.

Rizista lazima ziwe mbili, moja kwa kila pini ya CC. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ilitoka na pini zote mbili zimeunganishwa kwenye rizista moja. Kwa kebo ya kawaida ilifanya kazi, ila kwa kebo yenye chipu ya utambulisho chaja iliiona kama kifaa cha sauti na kugoma kutoa umeme. Toleo la bodi 1.2 lilirekebisha hilo.

Upande wa kebo kuna hatari iliyo kinyume. Kebo ya USB-A kwenda USB-C inatakiwa kuwa na rizista ya kiloohmu 56 ndani yake, inayokiambia kifaa kichukue kiasi cha kawaida cha USB tu. Kebo mbovu zina kiloohmu 10, ambayo maana yake ni "ampea 3 zipo". Kifaa kinaamini na kuvuta ampea 3 kutoka kwenye poti ya zamani iliyojengwa kwa ampea 0.5. Poti yenye kinga itajizima. Isiyo na kinga itaungua. Kila kebo ya namna hii inapimwa kwa multimita na bodi ndogo yenye matundu ya pini za USB-C: ohmu kati ya VBUS (pini ya umeme) na CC. Zilizoonyesha karibu na 10k zimekatwa na kutupwa, maana zikirudishwa kwenye droo siku moja zitatumika.

Adapta moja imepigwa marufuku mezani: ile yenye tundu la USB-C upande mmoja na plagi ya USB-A upande mwingine. Viwango vya USB-C haviiruhusu. Ukiwa nazo mbili na kebo ya C kwenda C, unaweza kuunganisha poti mbili za USB-A zinazotoa umeme zote, kila moja ikisukuma volti 5 kuelekea mwenzake. Kinyume chake, plagi ya C na tundu la A, ni halali na ndiyo tunayoitumia.

Picha: VGA

VGA ilianza na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987. Hupitisha rangi tatu kama volteji inayopanda na kushuka kati ya 0 na 0.7. USB-C inatoa DisplayPort, ishara ya dijitali. Hakuna mpangilio wowote wa nyaya tupu unaoweza kuziunganisha, kwa hiyo adapta ni ya chipu.

Imechaguliwa inayokwenda USB-C hadi VGA moja kwa moja. Njia ya kuunga mbili, yaani USB-C kwenda HDMI halafu HDMI kwenda VGA, inavutia kwa sababu mara nyingi vipande vyote viwili viko droo ileile, lakini haitegemeki. Chipu ya adapta ya pili inategemea umeme wa pini ya 18 ya HDMI, na chanzo kinalazimika kutoa miliampea 55 tu hapo. Adapta nyingi za VGA zinataka zaidi. Matokeo ni picha inayowaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache. Ukilazimika kupita njia hiyo, tafuta adapta ya HDMI kwenda VGA yenye tundu la pembeni la kulishia volti 5.

Baada ya kuunganisha, dalili za kebo ya VGA husomeka kwa rangi. Pini ya 1 ni nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Picha ikiwa ya njano, bluu haifiki. Ikiwa ya samawati-kijani, nyekundu haifiki. Ikiwa ya zambarau-pinki, kijani hakipo. Pini ya 9 mara nyingi haipo kabisa kwenye plagi, na hilo si kosa.

Tatizo lililoonekana kwenye projekta ni jingine: picha safi, lakini laptopu inatoa 1024×768 tu na haionyeshi chaguo la juu zaidi. Hapa kasoro iko pini za 12 na 15. Kwa hizo mbili projekta hujitambulisha kwa kutuma kifurushi cha baiti 128 kinachoitwa EDID, chenye orodha ya vipimo inavyovikubali. Kebo nyembamba za VGA, hasa ndefu za kupitishwa darini, huziacha pini hizo bila waya. Laptopu isiposoma EDID hukisia kipimo cha tahadhari. Kebo imebadilishwa na yenye pini zote isipokuwa ya 9, na vipimo vyote vimejitokeza.

Jambo moja halina tiba: video zenye ulinzi wa HDCP, wa kuzuia kunakili, hazionekani kupitia VGA, kwa kuwa ulinzi huo hauwezi kusafiri kwenye ishara ya analogi. Skrini nyeusi kwenye filamu ya kukodi huku dirisha jingine likionekana vizuri haimaanishi adapta ni mbovu.

Hali: imekamilika.

Picha: DVI na 4K

DVI imekuwa rahisi. DVI-D na HDMI zinatumia ishara ya aina moja, kwa hiyo adapta ya USB-C kwenda HDMI inafuatwa na kebo ya HDMI kwenda DVI-D ya nyaya tupu. Sauti haipiti. Kikomo cha njia hii ni 1920×1200 kwa mara 60 kwa sekunde, kwa sababu HDMI inafika kwenye nusu moja tu ya nyaya za DVI. Skrini za 2560×1600 zinazotegemea DVI ya nyaya kamili zinahitaji adapta ya chipu ya DisplayPort kwenda DVI yenye plagi ya pembeni ya umeme.

Onyo kwa wenye kiplagi kidogo cha DVI kwenda VGA: kinafanya kazi kwenye tundu la DVI-I au DVI-A pekee, lenye matundu manne madogo kuzunguka ule mpasuo wa bapa. Kwenye DVI-D matundu hayo hayapo, na wapo wanaovunja pini nne za plagi ili iingie. Itaingia, na haitaonyesha kitu.

Skrini ya 4K ilianza kwa habu moja yenye HDMI, USB 3 na chaji, ikatoa picha kwa mara 30 kwa sekunde tu. Kipanya kinaonekana kukokota. Sababu ni hesabu ya njia. USB-C ina njia nne za kasi. Habu inayotoa picha na USB 3 kwa pamoja inagawa mbili kwa picha, mbili kwa data. Laptopu hii inatoa gigabiti 5.4 kwa sekunde kwa kila njia. Njia mbili zikiondolewa mzigo wa usimbaji hubaki gigabiti 8.64. Picha ya 4K kwa mara 60 inahitaji takriban 12.8. Haiingii. Laptopu na habu zenye kasi ya gigabiti 8.1 kwa njia hufikisha 12.96 kwa njia mbili, kwa hiyo huponea chupuchupu.

Kwetu suluhisho ni kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, inayochukua njia zote nne. Mara 60 zimepatikana papo hapo. Vifaa vya data vimehamia poti ya kulia. Kwa skrini ya 4K inayotazamwa kutwa nzima, kebo ya peke yake ni bora kuliko habu yoyote yenye matundu saba, hata kama habu inapendeza zaidi mezani.

Kumbuka mwelekeo. Kebo za DisplayPort kwenda HDMI ni za upande mmoja: DisplayPort ni chanzo, HDMI ni skrini. Mwenye kompyuta ya HDMI na skrini ya DisplayPort anahitaji adapta ya chipu ya kinyume, na hiyo karibu kila mara huwa na mkia wa USB wa kuipa umeme.

Hali: imekamilika, ila chaji sasa inashindania poti ya kushoto. Angalia mwisho.

Siriali: swichi ya mtandao

Hapa ndipo kazi ilipo. Poti ya RS-232 ya pini 9 hutuma kwa volteji hasi na chanya, kati ya volti 5 na 15 kila upande. Pini za siriali za bodi ndogo, zile zinazoandikwa TX na RX, ni volti 0 na 3.3 au 5. Majina ni yaleyale, programu ni zilezile, lakini kuunganisha waya wa RS-232 moja kwa moja kwenye pini ya 3.3 kunaua chipu. Katikati panatakiwa chipu ya kubadilisha volteji, MAX3232, na kapasita zake nne za mikrofaradi 0.1.

Swichi ina poti halisi ya RS-232, kwa hiyo adapta ya USB kwenda RS-232 inatosha. Swali linalobaki ni kama kebo iwe ya moja kwa moja au ya kuvuka. Usikisie, pima. Weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi pini ya 5, mwekundu pini ya 2 kisha ya 3, kifaa kikiwa kimewashwa na hakijaunganishwa. Laini ya kutuma ikiwa imetulia hukaa kwenye hasi, kwa kawaida kati ya -5 na -12. Pini yenye hasi ndiyo inayotuma. Rudia kwenye adapta huku programu imefungua poti. Pande zote mbili zikituma kwa pini ya 3, unahitaji kebo ya kuvuka: 2 kwenda 3, 3 kwenda 2, 5 kwenda 5. Moja ikituma kwa 3 na nyingine kwa 2, kebo iwe ya moja kwa moja.

Kabla ya kulaumu swichi, adapta inajaribiwa peke yake: gusanisha pini za 2 na 3 za adapta kwa kipande cha waya, fungua programu ya terminali, andika. Herufi zikirudi, adapta na draiva ni nzima.

Kwenye Linux mambo mawili yalizuia. La kwanza ni ruhusa: mtumiaji aongezwe kwenye kundi la `dialout`, kisha atoke na kuingia upya. La pili ni gumu kulihisi. Adapta ya chipu ya CH340 ilionekana kwenye `dmesg` (kumbukumbu za mfumo) kama ttyUSB0, na papo hapo ikatoweka. Kwenye Ubuntu 22.04 huduma ya `brltty`, inayohudumia vionyeshi vya nukta nundu, huidaka chipu yenye kitambulisho 1a86:7523 ikidhani ni kifaa chake. Pale ambapo hakuna mtumiaji wa kionyeshi hicho, kuiondoa huduma hiyo kunamaliza tatizo. Pale anapokuwepo, tumia adapta ya chipu nyingine, FT232R kwa mfano.

Kwenye Windows shida ya kawaida ni adapta za chipu ya PL2303: draiva mpya hukataa chipu za vizazi vya zamani, hata zikiwa nzima.

Mpangilio wa swichi hii ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, udhibiti wa mtiririko umezimwa. Dalili mbili zinafaa kukaririwa. Herufi za ajabu zisizosomeka: kasi si sahihi, jaribu 115200. Maandishi ya swichi yanaonekana vizuri lakini unachoandika hakifiki: udhibiti wa mtiririko umeachwa ukiwa umewashwa, na laptopu inasubiri ruhusa kwenye waya ambao kebo ya nyaya tatu haina.

Hali: imekamilika.

Diski

Diski ya IDE ya inchi 2.5 ina pini 44 zilizokaribiana kwa milimita 2, na umeme wake wa volti 5 unapita humohumo. Pembeni kuna pini nne zaidi za jampa, kiplagi kidogo cha kuchagua mpangilio wa diski. Kosa la kusogeza plagi kwa jozi moja linawezekana na linapeleka volti 5 kwenye pini isiyo yake. Nafasi ya pini ya 20 iliyozibwa ndiyo mwongozo. Plagi isiyo na kizibo hapo ichomekwe kwa tochi na kwa subira.

Diski ya IDE ya inchi 3.5 ina pini 40 na inahitaji volti 12 pia, ambazo poti ya kawaida ya USB haitoi. Adapta ije na kigeuza umeme chake chenye plagi ya matundu manne: njano volti 12, nyekundu volti 5, nyeusi mbili za ardhi. Jampa iwe kwenye nafasi ya master (diski kuu). Washa diski kwanza, sikiliza ianze kuzunguka, ndipo uchomeke USB.

Diski ya SATA ilileta jambo zito zaidi. Ilikuwa ndani ya boksi la nje. Ilipotolewa na kuwekwa kwenye adapta nyingine, mfumo ulisema haina mgawanyo na ukapendekeza kuifomati. Usikubali. Baadhi ya maboksi huonyesha sekta za baiti 4096 hata kama diski inatoa 512, ili kuvuka kikomo cha tebibaiti 2 cha jedwali la zamani la migawanyo. Ukiondoa boksi, namba za sekta hazilingani tena, na data yote bado ipo. Diski ilirudishwa kwenye boksi lake, data ikanakiliwa mahali pengine, kisha ikafomatiwa upya kwenye adapta mpya.

Adapta ya diski ikikatika katikati ya kunakili, na umeme unatosha, zuia hali ya UAS (njia ya kasi ya USB kuwasiliana na diski) kwa kigezo cha kernel, yaani kiini cha Linux, `usb-storage.quirks` chenye kitambulisho cha adapta na herufi u. Kasi hushuka kidogo na miunganiko hutulia.

Vidogo

Kibodi ya PS/2: kile kiplagi cha kijani au zambarau kilichokuja na vipanya na kibodi za USB hakisaidii. Kilikuwa cha kuingiza kipanya au kibodi ya USB inayojua lugha zote mbili kwenye tundu la PS/2. Kwa safari ya kinyume inahitajika adapta ya chipu, na imepatikana.

Printa: adapta ya USB kwenda plagi ya pini 36 inaitambulisha kama printa ya USB, `/dev/usb/lp0` kwenye Linux. Inachapa. Haifai kwa mashine ya kukata au kifaa cha kuprogramu chipu kinachoandika moja kwa moja kwenye anwani 0x378, kwa sababu anwani hiyo haipo upande wa USB.

Kipokezi cha kipanya kisichotumia waya, cha 2.4 GHz, kilianza kurukaruka kila diski ya USB 3 inapofanya kazi. USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo. Kipokezi kimesogezwa mbali kwa kebo ya USB 2.0 ya kurefusha.

Yaliyobaki

Chaji. Poti ya kushoto inatakiwa itoe picha ya 4K na ipokee umeme. Tunatafuta adapta yenye DisplayPort ya njia nne, tundu la chaji, na USB 2.0 tu, ambayo ina pini zake na haigusi njia za kasi. Chaja ya sasa ya wati 65 huenda isitoshe, kwani adapta za namna hii hujiwekea wati kadhaa kabla ya kupitisha zilizobaki. Hadi hapo, sheria ya muda ni kutochomeka wala kuchomoa chaja kwenye habu wakati diski inanakili, kwa kuwa umeme hujadiliwa upya na vifaa vyote huweza kukatika kwa sekunde moja.

Kamera ya FireWire haijaunganishwa. Viplagi vya nyaya tupu vya FireWire kwenda USB vinauzwa, na havitumiki mezani hapa: itifaki ni tofauti kabisa, na poti ya FireWire ya pini 6 inaweza kubeba hadi volti 30 mahali ambapo USB inategemea 5. Njia mbili ziko kwenye orodha: mnyororo wa adapta za chipu kutoka FireWire 800 kwenda Thunderbolt 2 kisha Thunderbolt 3, ambao unadai poti ya Thunderbolt ambayo laptopu hii haina, au kompyuta ya mezani yenye kadi ya FireWire, itakayonakili kanda na kutuma mafaili kwa mtandao. Ya pili inajaribiwa kwanza, kadi imeshaagizwa.